Nilivyomjibia Mwanangu

Kochi lile lilikuwa la marehemu mama yake. Yule bwana alilileta juu ya mkokoteni, akatembea ubavuni akiwa ameshika egemeo, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Alipofika mlangoni kwetu alivua kofia, akanisalimu mimi kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa, kisha akamtazama binti yangu aliyekuwa amepiga magoti sakafuni na misumari midogo midomoni.

"Fundi yupo?"

Binti yangu akajigusa kifua.

"Samahani," yule bwana akasema. "Nilielekezwa kwa fundi makochi. Sikuambiwa ni mwanamke."

"Wala hukuambiwa ni bubu," nikamjibu kwa niaba ya mwanangu. "Si bubu. Ngoja amalize misumari."

Kazi ya makochi iko hivyo. Mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine umeshika nyundo, na misumari haina pa kukaa ila midomoni. Mwanangu hubana ishirini kwa mara moja, huusukuma mmoja kwa ulimi hadi ncha ya midomo, sumaku ya nyundo inaudaka, pa, umeingia. Kwa hiyo nusu ya siku hana mdomo. Mdomo wake ulikuwa mimi. Mteja akiuliza kiti kitakuwa tayari lini, namtazama mwanangu, ananyoosha vidole vitatu, nasema: "Siku tatu." Mteja akitaka kujua kama kitambaa hiki kinafulika, anatikisa kichwa, nasema hakifuliki. Baada ya mwaka mmoja sikuhitaji hata kumtazama. Nilikuwa nakaa kwenye kiti changu karibu na mlango, mguu mbovu juu ya kigoda, najibu tu, na nilikuwa sikosei. Wateja walikuwa wakisema, Fundi ana bahati ya mama.

Yule bwana akangoja kweli. Hakuketi mpaka nilipomwambia. Mwanangu alipomaliza akamweleza shida yake.

"Nataka kila kitu kiwe kipya. Kitambaa, springi, sponji. Lakini hapa kulia pamebonyea. Mama alikaa hapo miaka kumi na tisa. Hilo bonde naomba uliache."

Fundi mwingine angecheka. Mwanangu alikwenda akakaa penye bonde, akainuka, akalipima kwa viganja, akakaa tena.

"Wiki mbili," akasema. "Kutengeneza bonde ni kazi kuliko kutengeneza tambarare."

Alilitengeneza. Alikata sponji tabaka saba, kila moja nyembamba kuliko ya chini yake, na usiku mmoja nilimkuta amekalia kochi la watu, amefumba macho, anasikiliza kwa makalio kama bonde limekaa sawa. Yule bwana alipokuja kulichukua aliketi pale, halafu akatazama ukutani kwa muda ili tusimwone uso. Nilimpenda tangu siku hiyo. Mwanangu naye, nadhani, ndiyo siku hiyo hiyo, ila yeye alichelewa kuambiwa na moyo wake.

Alikuwa fundi wa lifti. Watu wa mtaani hawakukawia kusema kwamba sasa kuna fundi wa juu na fundi wa chini. Mjukuu wangu, ambaye kwa mdomo wake tunamwita Chiriku, akampachika jina la Bwana Lifti.

"Bwana Lifti, umewahi kukwama ndani?"

"Mara nyingi."

"Ukafanyaje?"

"Nikajifungulia. Ila mara moja kulikuwa na mama mmoja mnene, yeye ndiye aliyenitoa. Alisukuma mlango kwa hasira."

Chiriku alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Lazima niseme mwanangu alikuwa ametoka wapi. Ndoa yake ya kwanza ilidumu miaka kumi. Mume hakuwa mtu wa kupiga. Alikuwa mtu wa kuuliza. Umetoka wapi, ulikaa na nani, mbona ulichukua njia ile, mbona umenyamaza. Mwanangu alipopewa talaka alitoka na mtoto, cherehani na sanduku moja la nguo. Kazi ya makochi alifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa akimshonea foronya za viti. Mzee yule alimwachia nyundo yake siku macho yalipokataa kazi, na mpaka leo namwombea. Kisha mwanangu akapanga nyumba hii: karakana mbele, vyumba viwili nyuma, bomba uani. Nilipohamia kwake, jioni ya kwanza alivuta kiti hadi mlangoni akanyoosha miguu.

"Mama, humu ndani hakuna mtu wa kuniuliza."

"Na mimi je?"

"Wewe uliza. Nitakujibu nikitaka."

Tulicheka sana. Lakini nilimwona alivyoutazama ule mlango. Kuna watu wanaotazama shamba hivyo.

Kabla ya Bwana Lifti alipata kuwapo mwingine, mwalimu wa kufundisha watu kuendesha magari. Mtu nadhifu, viatu vinang'aa. Tatizo lake hakuweza kumwona mtu anafanya kitu bila kumwelekeza. Mwanangu akikata kitunguu, yeye mguu uko kwenye breki. "Taratibu. Angalia kushoto. Sasa geuza." Mwezi haukwisha. Mwanangu alimwambia, "Mwalimu, nimefaulu, nipe cheti changu niende." Alimwambia mwenyewe, mimi nikiwa uani nafua. Nilijivunia, lakini pia niliogopa. Nilijiambia, huyu mtoto ataishia peke yake, na mimi sitaishi milele.

Hofu hiyo ndiyo iliyoniponza.

Bwana Lifti alikuja kila Jumamosi na Jumapili. Hakuja mikono mitupu wala hakuja na makuu: leo mkate, kesho balbu ya uani, kesho kutwa dawa ya kuchua mguu wangu. Alikuwa akimsaidia Chiriku hesabu bila kumwita mjinga. Jioni anaaga, anakwenda kwake, chumba na sebule mbali huko upande wa pili wa mji. Siku ya mvua nilikuwa namwona anavyokunja suruali na kuruka madimbwi, naumia.

Ikafika siku akamwambia mwanangu kwamba anataka kumuoa. Niliwasikia, ukuta wetu ni wa mbao.

"Nitaolewa nawe," mwanangu akasema. "Nakutaka. Ila kila mtu abaki kwake. Utakuja, nami nitakuja. Kwangu pabaki kwangu."

"Mume na mke, kila mtu na mlango wake?"

"Ndiyo."

"Watu watasema ndoa ya likizo."

"Waache waseme. Si wao watakaolala humu."

Akacheka kidogo, halafu akasema anahitaji kufikiri. Alifikiri wiki mbili. Jumapili moja mwanangu akiwa amekwenda kununua kitambaa, akanijia pale kwenye kiti changu, akachuchumaa ili tuwe sawa kwa macho.

"Mama, nikuulize kitu, unijibu kama mama. Hili la kila mtu kwake, kweli analitaka, au ananipima?"

Najua nilichotakiwa kusema. Nilitakiwa kusema, muulize mwenyewe. Maneno matatu hayafiki. Lakini nilikuwa nimeshazoea. Aliuliza, na mdomo wangu ukafanya kazi yake.

"Anakupima, mwanangu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hawezi kukwambia njoo, lakini siku atakayokuona umekuja na vyombo vyako atajua umemaanisha."

Uso wake ukafunguka. Akanishika mikono yote miwili. "Asante, Mama," akasema. "Nilikuwa nimeanza kukata tamaa."

Chiriku alikuwa chini ya meza ya kukatia vitambaa, anachezea vipande. Sikumwona.

Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, lori likasimama mlangoni. Kitanda, kabati, masanduku ya vyuma vya kazi, majiko mawili, na lile kochi. Bwana Lifti akaruka kutoka mbele akiwa amevaa shati jipya.

"Nimerudisha nyumba kwa mwenyewe," akasema. Alikuwa anang'aa kama mtoto aliyefaulu mtihani. "Mpaka siku ya ndoa nitalala humu karakanani, kwenye kochi la mama. Sitaki watu waseme vibaya."

Mwanangu alikuwa na misumari midomoni. Akamtazama, akalitazama lori, akanitazama mimi. Macho yale sikuweza kuyatafsiri kwa mteja yeyote. Kisha akaitema misumari, mmoja mmoja, kwenye kiganja.

"Umeirudisha lini?"

"Jana. Tayari kuna mtu kaichukua."

Ndipo Chiriku akasema, na simlaumu, ndivyo alivyoumbwa: "Mama, si Bibi alimwambia kwamba unampima? Akasema aje na vyombo."

Dereva wa lori akauliza kabati liwekwe wapi. Mwanangu akasogeza viti viwili vya mteja, akaonyesha kwa mkono.

Usiku ule, wote wakiwa wamelala, mwanangu alikuja akakaa kitandani kwangu.

"Mama. Kwa nini?"

"Nilidhani nakusaidia."

"Mara ya kwanza pia ulidhani unanisaidia."

Hakuwahi kunitajia jambo hilo kabla. Alipochumbiwa na yule mume wa maswali alikuwa na miaka ishirini. Wakwe walikaa sebuleni wakauliza, binti amekubali? Yeye alitazama mkeka. Nikasema, kimya chake ni ndiyo. Kila mtu akashangilia, na mimi nikapita na chai.

Akanifunika shuka miguuni kama kawaida yake, akatoka.

Wiki zilizofuata sijui nizieleze vipi, maana hakuna jambo baya lililotokea. Bwana Lifti aliamka kabla ya wote, akachemsha maji ya kuoga, akafagia karakana. Alitundika zana zote ukutani kwa ukubwa, akachora kila moja umbo lake kwa chaki ili ijue pa kurudi. Mwanangu alikuwa na mpangilio wake wa sakafuni, wa mkono unaojua bila kutazama. Sasa alinyoosha mkono akakuta saruji tupu, akainuka, akaenda ukutani. Hakusema. Wateja wakaja, wakamwona mwanamume amesimama, mwanamke amepiga magoti. "Fundi, kochi langu vipi?" wakamuuliza yeye. Naye kwa kutotaka kumsumbua mwanangu akawajibu. Alikuwa anajibu vizuri. Alikuwa anakosea kidogo tu, siku moja mbele au nyuma, na mwanangu akakesha ili neno lake lisianguke.

"Ulikuwa wapi? Nilianza kupata wasiwasi," Bwana Lifti akamwambia jioni moja, mwanangu aliporudi kupeleka viti. Aliuliza kwa upole, na kikombe cha chai mkononi. Nilimwona mwanangu anavyosimama katikati ya mlango. Alijibu alikuwa wapi. Akapokea chai.

Misumari ilianza kukaa midomoni hata asipokuwa na kazi nayo. Tulikuwa tunakula, yeye anasema hana njaa, yuko sakafuni na nyundo, midomo imejaa. Bwana Lifti alikuwa akinitazama, ananiuliza kwa macho, nimekosea wapi? Nami natazama sahani. Siku ya ndoa ilikuwa imebaki wiki tatu.

"Mwambie, mwanangu," nikamwambia uani.

"Nimwambie nini? Kwamba kosa lake ni kunichemshia maji? Hana nyumba, Mama. Ameitoa kwa ajili yangu, kwa neno lako. Nikimwambia toka, aende wapi? Na nitakuwa mtu gani?"

"Basi utavumilia?"

"Sijasema hivyo. Niachie. Hili ni langu, nitalisema mimi, siku nikiwa tayari. Niahidi."

Nikaahidi. Nilimaanisha, Mungu ni shahidi. Niliishika ahadi siku tisa.

Siku ya kumi nilimkuta mwanangu amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya bomba, hafui, halii, hafanyi kitu. Amekaa tu. Ndivyo alivyokuwa akikaa mwaka wa mwisho wa ndoa yake ya kwanza. Nikasema moyoni, mimi ndiye niliyelifunga, mimi nitalifungua. Nikachukua fimbo yangu nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Jengo alilokuwa akifanyia kazi lilikuwa na ghorofa kumi na moja, zote ofisi. Pale chini palibandikwa karatasi: lifti mbovu, tumia ngazi. Mlinzi alinitazama mguu, akanipa kiti chake mwenyewe, yeye akasimama, akapiga simu juu. Alininunulia na maji. Mtu nisiyemjua. Nilikunywa yale maji huku nikijisikia mwizi.

Bwana Lifti alishuka ngazi zote mbio, anafuta mikono kwa kitambaa.

"Mama! Kuna nini? Mtoto?"

"Mtoto yu mzima. Kaa."

Akakaa kwenye ngazi, chini kidogo ya kiti changu. Nikamweleza. Nilisema kwamba mwanangu anazama. Nilisema hawezi kuishi na mtu ndani, si kwamba yeye ni mbaya, ila alisema ukweli siku ile, hakuwa anampima. Nilisema mimi ndiye niliyekosea.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kitambaa alikikunja, akakikunja tena.

"Nimemkosea nini?"

"Hukumkosea."

"Basi ndiyo mbaya, Mama. Kosa ningelirekebisha."

Halafu akauliza swali lile ambalo nalisikia mpaka leo nikiosha vyombo: "Yeye ndiye aliyekutuma?"

Ningesema hapana, angekwenda nyumbani akamuuliza, na mwanangu angejua nimevunja ahadi. Nilijiogopea mimi mwenyewe, kikongwe mzima. Nikanyamaza. Naye akaupokea ule ukimya kama jibu.

"Sawa," akasema.

Akanishika mkono kwenye ngazi za nje, akanitafutia gari, akamwambia dereva aendeshe polepole kwa sababu ya mguu wangu.

Jioni ile hakurudi. Alituma ujumbe kwamba wamekwama kazini. Kesho yake asubuhi, mwanangu alipotoka kupeleka viti vya chumba cha kungojea kwa daktari wa meno, gari la mizigo likaja. Bwana Lifti alikuwa amengoja mwanangu atoke. Nilielewa: alitaka kumwepusha na aibu ya kumtazama. Alipakia vitu vyake na dereva, haraka, kimya kimya. Chiriku akawa anamfuata huku na huku.

"Bwana Lifti, unakwenda wapi? Bwana Lifti, hesabu yangu je?"

"Ulizidisha vizuri juzi. Endelea hivyo hivyo."

Gari lilikuwa limeshajaa, kamba imeshafungwa, mwanangu alipotokeza kwenye kona. Alikuwa anatembea haraka, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alikuwa na uso wa mtu mwenye habari. Akaona gari. Hatua zikapungua.

"Unahama?"

"Kwa kaka yangu. Mji mwingine. Wanajenga majengo mapya, wanatafuta fundi."

"Nani amekwambia uhame?"

Alinitupia jicho, si la kushtaki. "Nilipata ujumbe wako."

"Ujumbe gani?"

Dereva akazima redio yake. Mwanangu akanigeukia, polepole sana.

"Mama."

Niliishika fimbo yangu, nikatazama viatu vyake.

Akafumba macho kidogo, akayafumbua, akamgeukia yule bwana. Akasimama wima, mikono imening'inia, kama mtoto anayesoma shairi mbele ya darasa.

"Nisikilize. Haya nasema mimi. Sikutaka ukae humu. Hiyo ni kweli, tangu siku lori liliposimama hapa. Lakini sikutaka uondoke. Nimekutafutia vyumba viwili mtaa wa pili, juu ya duka la dawa. Dirisha linatazama huku. Nimemsumbua yule mwenye nyumba wiki nzima, leo ndiyo ameniita. Natoka kwake sasa hivi. Amekubali. Nilikuwa naja kukwambia."

Bwana Lifti alitazama upande wa mtaa wa pili, ingawa kutoka pale hapaonekani.

"Ungeniambia juzi."

"Juzi sikuwa na cha kukupa. Nisingeweza kukwambia toka bila kukwambia uende wapi."

"Nimekaa wiki tano najiuliza nakosea wapi," akasema. Hakupandisha sauti. "Kila siku nikaamka mapema kuliko jana. Nikadhani nikiongeza wema kidogo, utasema nami. Nimechoka. Jana nilipokuwa nimekaa kwenye zile ngazi, kuna kitu kilikatika. Sijui kukiunga. Mimi hukata waya uliokwisha, nikafunga mpya. Wa zamani siungi, unaua watu."

"Hata kama nakupenda?"

Alilisema hivyo, barabarani, mbele yangu, mbele ya mtoto, mbele ya dereva. Mwanangu, ambaye hata alipojifungua hakupiga kelele.

Yule bwana akavua kofia. Akaishika muda mrefu.

"Neno hilo nimelingoja sana," akasema. "Laiti lingekuja lenyewe, kabla sijafunga kamba."

Akamwinamia Chiriku, akamgusa kichwa. Akaja kwangu. Nilitaka anitukane, ningepumua. Alisema: "Mama, ule mguu usiuache. Upake kila jioni, bado chupa iko nusu." Akapanda gari.

Mwanangu hakukimbilia gari, wala hakupunga mkono. Aliliangalia mpaka likakata kona, akaingia ndani. Karakana ilikuwa kubwa ghafla. Ukutani yale maumbo ya chaki yalikuwa bado, na zana ndani yake. Akaziteremsha moja moja, akazipanga sakafuni kwenye mahali pake pa zamani. Kisha akavuta kiti cha mteja na kuanza kung'oa kitambaa kibovu.

Nilikaa kwenye kiti changu. Nilingoja anigombeze. Mama wa nyumba jirani akachungulia, akauliza, "Jamani, mchumba kasafiri?" Nikatazama chini. Mwanangu akajibu bila kuinua kichwa, "Ameondoka, dada." Na yule mama, mwenye ulimi kama upanga siku zote, akasema tu, "Pole," akarudisha mlango taratibu. Baadaye akamtuma mwanawe wa kike na sufuria la maharagwe, moto, limefunikwa. Watu wana mambo ya ajabu.

Tulikula. Chiriku akauliza kama atarudi, akaambiwa ale. Akalala mapema, uso ukutani.

Mwanangu alirudi sakafuni. Hakuweka misumari mdomoni. Aliiweka ndani ya kifuniko cha chupa karibu na goti, akawa anaiokota kwa vidole, kazi ikaenda polepole. Nikasema:

"Mwanangu, nipige tu, yaishe."

"Nikupige, halafu?"

Akagonga msumari. Ukapinda. Akaung'oa, akaunyoosha kwa meno ya koleo, akauangalia, akautupa.

"Kesho nitakwenda kumwambia yule mwenye nyumba kwamba vile vyumba hatuvitaki tena. Alikuwa ameshapaka rangi kimoja. Nilimwambia rangi gani."

"Niende nawe?"

"Hapana, Mama."

Tukakaa. Nje mtu alipita akipiga mluzi, akapotea. Nilidhani amemaliza kusema. Halafu akanitazama, mara ya kwanza tangu mchana, na hakuwa na hasira usoni, hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa na uso wa yule mtoto aliyekuwa akija kuniuliza mvua itanyesha au haitanyesha.

"Mama, unadhani angekubali? Kama nisingechelewa. Kama ningemwambia juzi. Angevikubali vile vyumba?"

Miaka yote nimekuwa na jibu. Kwa wakwe, kwa wateja, kwa wachumba. Nilitafuta lile la kumpa, hata la uongo, hata dogo la kulalia. Aliningoja, nyundo magotini.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Sijui."

Akaitikia kwa kichwa. Akaokota msumari mwingine.